Sin 3x iliyopinduka: kisa kimoja cha Kidato cha Tano, Kigoma

Karatasi ile ninayo bado. Ni ya grafu, kopi ya kopi, mistari yake imefifia mpaka ya kijivu, na pembeni ina doa la mafuta ya andazi ambalo sidhani ni la mwenye karatasi. Swali lilikuwa fupi: chora y = sin 3x, x ikianzia 0° hadi 360°. Binti alipiga jedwali lake kwa rula. Mstari wa x: 0, 90, 180, 270, 360. Mstari wa y: 0, −1, 0, 1, 0. Akaweka nukta tano na kuziunganisha kwa mkono uliotulia. Likatoka wimbi moja safi, linashuka kwanza, linapanda baadaye, linaishia pale lilipoanzia.

Nikampiga kosa kubwa la wino mwekundu na kuandika 0/6.

Kengele ilipolia alinifuata nje ya darasa, karatasi ameikunja mara mbili.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba."

"Samahani madamu, naomba unioneshe namba niliyokosea, nikairekebishe."

Nikachukua kikokotoo chake. Mara tatu ya 90 ni 270, saini yake ni −1. Mara tatu ya 180 ni 540, saini yake 0. Mara tatu ya 270 ni 810, saini yake 1. Nikarudia. Hakuna namba iliyokosewa. Nukta ziko mahali pake, mihimili ina majina, skeli imeandikwa: sentimita 2 kwa 90°. Mchoro ule haukuwa wa sin 3x hata kidogo, ulikuwa wa −sin x kabisa, lakini kila kitu kilichouzaa kilikuwa sahihi. Nilimwambia aniachie karatasi, nitamjibu kesho. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kumjibu pale pale, na mwenyewe aliliona hilo usoni kwangu.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu wa hisabati, na kwa mwanafunzi yeyote aliyewahi kurudishiwa mchoro una kosa moja kubwa jekundu na hakuna maelezo.

Kwanza, darasa lenyewe. Ni PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), Kidato cha Tano, mjini Kigoma, watoto waliotoka mikoa mbalimbali, wachache tu wamezaliwa hapa. Saini na kosaini walishaziona kidato cha nne, wengi kwa kukariri. (Neno lenyewe huwachekesha kila mwaka, lazima atokee mmoja wa kuuliza kama ni saini ya mkopo.) Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha kuchora kwa njia ninayoiita nukta tano: 0, 90, 180, 270, 360. Kwa sin x unapata 0, 1, 0, −1, 0. Kwa cos x unapata 1, 0, −1, 0, 1. Inaenda haraka, na kila nukta inakaa juu ya mstari mzito wa karatasi ya grafu. Tukafanya 2 sin x, tukafanya sin x + 1, tukafanya −3 cos x. Zote zikakubali. Nikawapa zoezi.

Usiku ule nilirudia karatasi zote, safari hii sitafuti alama. Nilizipanga mezani kwa makundi, na hapo ndipo kisa kiliponikolea.

Karibu nusu ya darasa walitumia hatua ya 90°, kama binti. Wote walipata wimbi moja lililopinduka. Wengine waliona 90° ni mbali sana, wakapunguza mpaka 60°. Hao walipata hivi: mara tatu ya 60 ni 180, saini yake 0, mara tatu ya 120 ni 360, saini yake 0, na kuendelea hivyo hivyo, sifuri saba mfululizo. Wakachora mstari ulionyooka juu ya mhimili wa x. Mmoja wao alifuta akarudia mpaka karatasi ikatoboka, maana hakuamini, kisha akachora mstari ule ule. Kundi la tatu walitumia 45°. Jedwali lao: 0, 0.71, −1, 0.71, 0, −0.71, 1, −0.71, 0. Ukiunganisha hizo kwa rula unapata kitu kama meno ya msumeno uliopigwa na jiwe, na kijana mmoja aliandika chini kwa penseli, kwa unyonge, "imechanganyikiwa". Watatu tu, sijui kwa kubahatisha au kwa kufikiri, walitumia 30°, na mawimbi matatu yakajitokeza.

Wawili vikokotoo vyao vilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Hao ugonjwa wao unajulikana: sin 30 inatoka −0.988, unarudisha kwenye digrii, yameisha.

Sasa tazama. Ukiwaacha hao wawili, darasa zima lilikuwa na majibu sahihi ya kikokotoo, na bado kazi ile ile ikatoa michoro minne isiyofanana. Huo si uzembe wa mtu mmoja mmoja. Uzembe hausambai kwa mpangilio namna hiyo, kila hatua na mchoro wake.

Chanzo kilikuwa ubaoni, kwa mwandiko wangu. Mifano yote niliyotoa wiki ile ilikuwa na kipindi cha 360°, yaani wimbi moja zima huchukua 360°. Ukizidisha sin x kwa 2 unaongeza kimo cha wimbi; ukijumlisha 1 unalinyanyua; ukiweka alama ya kutoa unalipindua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa upana wake. Basi zile 0, 90, 180, 270, 360 zilikuwa zinafanya kazi kwa sababu ni robo za 360. Wanafunzi hawakuambiwa kwamba ni robo. Waliambiwa ni nukta tano, wakazibeba kama zilivyo wakaenda nazo kwenye sin 3x, ambako wimbi zima limebanwa ndani ya 120°. Ukiruka 90° mle umeruka robo tatu za wimbi kwa mpigo. Unakanyaga sifuri, unavuka kilele bila kukiona, unatua bondeni.

Kuna na suala la lugha, na hili sikulifikiria mpaka nilipowauliza. Hisabati ya sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Neno la kipindi cha wimbi, kwa Kiingereza, ndilo hilo hilo wanafunzi wanalotumia kwa kipindi cha darasani, dakika 40. Kijana mmoja, tena si mjinga, aliniambia siku zote aliposikia neno lile kwenye trigonometria alidhani namsisitizia muda wa kumaliza swali. Kiswahili nacho kinatumia neno moja, kipindi, lakini angalau kwa Kiswahili aliweza kuniuliza. Tangu siku hiyo husema "upana wa wimbi moja" kwanza, jina rasmi baadaye.

Kesho yake nilibandika karatasi nne ubaoni, moja ya kila kundi, bila majina. Sikusema ipi sahihi. Nikauliza tu: saini ya mara tatu ya 90°, hapa imeandikwa −1; kuna anayepinga? Hakuna. Hapa kwenye 60° imeandikwa 0, kuna anayepinga? Hakuna. Basi nani kakosea? Kimya. Kisha nikachukua chaki ya rangi na kuchora sin 3x halisi juu ya wimbi la binti, kwa mizani ile ile. Mawimbi matatu yakapita katika nukta zake zote tano, hayakuacha hata moja. Darasa likaguna. Nukta zilikuwa za mawimbi matatu na zilikuwa za wimbi moja, zote kwa pamoja, na hakuna chochote ndani ya jedwali kinachoweza kukuambia ni lipi.

Kutoka hapo kanuni ilijitengeneza yenyewe. Usianze na jedwali. Anza na upana: 360 gawanya kwa 3 ni 120. Wimbi moja lina mahali pa kupanda, kilele, kushuka na bonde, kwa hiyo gawa kwa 4: hatua ni 30°. Kwa sin 2x upana ni 180, hatua 45. Kwa sin ½x upana ni 720, hatua 180, na hapo ndipo utaelewa kwa nini ukiishia 360 unapata nusu ya wimbi. Kwa dakika kumi walikuwa wanazitoa kwa kichwa.

Ningefurahi kuishia hapo, lakini binti alinyoosha mkono. "Madamu, tukigawa kwa nne, tuna uhakika gani kwamba nne zinatosha? Si ndivyo tulivyoambiwa kuhusu tano?"

Swali hili lilinigharimu kipindi kizima na silijutii. Jibu lake lina pande mbili. Nne zinatosha kwa sababu tunajua kabla ya kuchora kwamba ni saini, umbo lake tunalo kichwani, tunatafuta tu pa kuligongomea. Kama usingejua ni nini kiko kati ya nukta, je, ungehitaji ngapi? Wahandisi wa simu walishapambana na hilo. Harry Nyquist, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, aliligusa katika andiko lake la mwaka 1928 kuhusu telegrafu, na Claude Shannon akalithibitisha kihisabati katika andiko la mwaka 1949: ili usilipoteze wimbi, lazima ulipime zaidi ya mara mbili ndani ya upana wake. Zaidi ya mara mbili, siyo mara mbili.

Nikawarudisha kwenye karatasi zao. Hatua ya 60° ndani ya upana wa 120° ni mara mbili kamili, ndiyo maana ikatoa mstari mfu: kila kipimo kiliangukia kwenye sifuri. Hatua ya 90° ni chini ya mara mbili, na hapo wimbi halipotei tu, linavaa sura ya wimbi jingine. Vipimo vinne, mawimbi matatu: kinachoonekana ni tofauti yao, wimbi moja, tena linalokwenda kinyume. Kwa sin 5x kingeonekana wimbi moja linalokwenda sawa. Jaribu mwenyewe, 0, 1, 0, −1, 0, ni sin x mtupu.

Na ile iliyochanganyikiwa, ya 45°? Hiyo ina vipimo vinane kwa mawimbi matatu, zaidi kidogo ya viwili na nusu kwa kila wimbi. Kwa hesabu za Shannon imetosha. Habari zote za sin 3x zimo mle. Kilichoiharibu ni rula: kijana alidhani kati ya nukta mbili njia lazima iwe fupi. Nilimwita mbele akachora sin 3x kupitia nukta zake, ikapita bila shida. Alirudi kwenye dawati lake kifua mbele, na sikuwa na sababu ya kumkatiza.

CD za muziki hurekodiwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde, kwa sababu sikio la binadamu husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na mara mbili yake lazima izidi kidogo. Na kila mwanafunzi wangu amewahi kuona kwenye video tairi la bodaboda linalokwenda mbele huku spoki zikionekana kurudi nyuma. Kamera imefanya kile kile alichofanya binti.

Kitabu tunachotumia, kinapofika kwenye matumizi, kinaleta bandari yenye maji kujaa na kupwa. Ni mfano mzuri kwa mtoto wa Tanga. Hapa ziwa letu halipwi kwa namna ambayo mtu atasimama ufukweni akaiona, na kumwambia mtoto wa Katonga awazie bahari ni kumuongezea somo la pili juu ya la kwanza. Nilikuwa natafuta cha kuweka mahali pake, lakini si mimi niliyekipata.

Kijana mmoja anayetoka Kibirizi, mkimya, alisema akiwa amekaa: "Madamu, ni kama mtu aje mwaloni kila mwezi ukiwa mpevu. Ataandika Kigoma hakuna dagaa."

Wasiojua, nieleze. Mwalo ni pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, dagaa hufuata, wavu hungoja. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haina ujanja, na wengi hupumzika siku hizo, wanashona nyavu. Ukisimama usiku wa giza kwenye kilima chochote cha mji huu utaona ziwa lina taa kama mji wa pili; siku ya mwezi mpevu hakuna kitu.

Tukaifanya kuwa hesabu. Mwezi huzunguka kwa siku 29.5 hivi kutoka giza hadi giza. Tukaita 30 ili kila siku iwe 12°. Sehemu ya uso wa mwezi inayong'aa, kwa asilimia, ni karibu y = 50 − 50 cos 12t, t ikiwa ni siku tangu giza. Siku ya 0 ni sifuri, siku ya 15 ni 100. Kwa mara ya kwanza niliona darasa likichora kosaini iliyopinduliwa na kunyanyuliwa bila kulalamika, maana kila mmoja alijua lazima ianzie chini.

Kisha likaja swali la mchuuzi. Tuseme anatoka Tabora kwa treni kila baada ya wiki nne, siku ile ile ya juma. Safari ya kwanza anakuta giza. Siku 28 baadaye mwezi uko 336°, yaani umebakiza 24° kufika gizani: unang'aa asilimia 4 tu. Safari inayofuata asilimia 17, halafu 35, halafu 55. Kila anapokuja mwezi umekuwa mkubwa kidogo. Safari ya nane na ya tisa anakuta karibu umejaa, na biashara hakuna. Binti ndiye aliyemaliza: 360 gawanya kwa 24 ni 15, safari 15 mara siku 28 ni siku 420. Mchuuzi yule ataapa kwamba dagaa wa Kigoma wana msimu wao, huja na kuondoka kwa mwaka mmoja na zaidi. Daftari lake halitakuwa na hata tarehe moja ya uongo.

Yule wa Kibirizi alitukumbusha kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwezi uliendelea na kosaini yake kama kawaida. Nikakubali. Grafu ilikuwa ya mwanga, haikuwa ya dagaa, na ni vizuri alilisema yeye kabla sijalisahau mimi.

Limebaki suala la alama. Kwa mgawanyo wangu mwenyewe, jedwali lilikuwa na alama 2, mihimili na skeli 1, nukta 1, umbo 2. Binti alistahili 4 tangu mwanzo. Ile sifuri niliiandika kwa kutazama mchoro toka mbali, basi. Nilizirudisha, zake na za wenzake. Mwalimu mmoja mkubwa kwetu kiumri, tuliyekuwa naye ofisini, hakupendezwa. "Binti yangu, mtihani wa taifa hausomi nia ya mtu. Ukimzoesha hivi utamponza." Nilimjibu kwa heshima kwamba sikumpa alama za umbo. Bado hatujakubaliana. Naona ana hoja upande mmoja: msahihishaji mwenye rundo la karatasi hatakaa kuuliza hatua ya 90° ilitoka wapi. Lakini mimi siyo msahihishaji wa mbali. Mimi ndiye niliyewapa ile hatua.

Wiki iliyofuata niliwapa y = 2 sin 5x bila maelezo. Karibu wote waliandika kitu pembeni kabla ya jedwali: 72, halafu 18. Wimbi tano zikatoka, kimo 2, baadhi zimebanana kwa sababu skeli ilikuwa ndogo, lakini tano. Mmoja alichora kwa makusudi wimbi la hatua ya 90° kwa nukta nukta juu ya lile halisi na kuandika kando yake "aliyejificha".

Ijumaa tukaanza tanjenti. Binti alipata upana wa 180°, akagawa kwa 4, hatua 45°. Akaingiza: sifuri, 1, kisha 90°. Kikokotoo kikaandika kosa. Akakifuta, akaingiza tena, kikaandika kosa. Jirani yake wakati huo alikuwa ameshairuka ile 90°, ameunganisha 1 na −1 kwa mstari mmoja mzuri unaoteremka, na anachonga penseli.

"Madamu," binti akaita, "hapa kati kuna nini?"